Mali Wasiyoijua Warithi

Kando ya Barabara ya Waiyaki, Westlands, Nairobi, katika jengo la Pacis Centre, ipo ofisi ya Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Akaunti ya benki ikikaa miaka 5 bila kuguswa, na mwenyewe akatafutwa asipatikane, pesa zake hupelekwa huko. Gawio la hisa na malipo ya bima hufuata njia hiyo hiyo. Yamerundikana mabilioni ya shilingi. Baadhi ya wenyewe wamehama, baadhi wamesahau. Wengine wamefariki, na watoto wao hawana habari kwamba mama alinunua hisa za Safaricom mwaka 2008.

Naanzia hapo kwa sababu kupanga mirathi hudhaniwa kuwa ni shughuli ya matajiri wanaoogopa kesi. Kesi zipo, kweli: mzozo wa mali ya Mbiyu Koinange, waziri wa zamani aliyefariki mwaka 1981, uliendelea mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Lakini familia nyingi hazigombani. Zinakosa tu habari, na kabla hazijazipata, ada ya shule imefika na kodi ya nyumba imepita.

Usipoandika wosia, Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, imeshakuamulia. Chukua mjane wa Parklands aliyeachiwa watoto na fleti moja iliyoandikwa jina la mumewe. Vyombo vya nyumbani ni vyake kabisa. Fleti ataishi ndani yake na kufaidika nayo maisha yake yote, ila hawezi kuiuza bila idhini ya mahakama, hata kama anauza ili kulipia matibabu ya mtoto. Au chukua mzee wa Kangemi mwenye ploti za kupangisha na wake wawili: mkubwa ana mtoto 1, mdogo ana 5. Sheria huhesabu watoto wa kila nyumba, ikamwongeza mama. Nyumba ya kwanza inapata mafungu 2, ya pili 6, ingawa pengine huyo mke mkubwa ndiye aliyebeba mawe ya msingi. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo mzee hana haki ya kulinyamazia. Kwa Waislamu, hukumu ni ya Kiislamu, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali.

Kabla ya kugawa chochote kuna barua ya chifu ya kuwatambua warithi, maombi kortini, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali lenye siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida miezi 6 kabla ya usimamizi kuthibitishwa. Katikati ya hayo, anayeuza au kujitwalia mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa la jinai.

Wosia wenyewe si mgumu. Uwe mtu mzima mwenye akili timamu, utie saini, washuhudie watu wawili wasiorithi chochote. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika pia, lakini raia wa kawaida akiishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuusema, hauna nguvu tena. Na wosia haumruhusu mtu kuwatelekeza wategemezi wake: mahakama inaweza kuwakatia fungu.

Pensheni ina njia yake. Kisheria haiingii katika mirathi. Wadhamini wa mfuko huilipa kwa kufuata kanuni zao, wakitazama fomu ya wateule uliyoijaza siku ya kuajiriwa. Wengi waliijaza wakiwa hawajaoa wala kuolewa, wakaandika jina la mama au la ndugu, wasiifungue tena. Ukiwa na mwenza na watoto leo, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuiulizia kazini, kabla hata hujamtafuta wakili.