Carausius na Herufi Zilizo Chini ya Mstari

Mtu apewapo sarafu ya kale ya Kirumi aitambue, jambo la kwanza alifanyalo ni kuikazia macho sura ya kaisari, akitaraji kwamba pua na ndevu zitamfunulia kila kitu; ilhali wajuzi wa elimu hii, wakiisha kulisoma jina lililozunguka kichwa, huigeuza sarafu na kutafuta, chini ya ule mstari ambao sanamu ya upande wa pili huukanyaga, herufi mbili tatu ambazo mgeni huzidhania kuwa mikwaruzo. Hizo ndizo alama za kiwanda. Tangu karne ya 3 hivi, sarafu zilipokuwa zikigongwa katika miji mingi ya dola, iliingia desturi ya kutia alama ya mji, na pengine ya karakana moja ndani ya kiwanda, ili sarafu iwe na wa kuulizwa habari zake.

Taji nalo lina hukumu yake. Sarafu mbili za zama za kaisari Trajan zaweza kulingana kwa upana, moja ya shaba ya manjano na ya pili ya shaba nyekundu, na baada ya kulala ardhini karne nyingi zote mbili zikawa nyeusi. Hapo aghalabu taji ndilo likatalo shauri, kwani kichwa chenye miali kama ya jua huonyesha dupondius, yenye thamani ya as mbili, na chenye shada la majani huonyesha as.

Lakini kwa mtu atakaye kujua thamani ya alama ndogo, sioni mwalimu bora kuliko sarafu za Carausius. Huyu alikuwa jemadari wa bahari aliyekabidhiwa manowari za kuwafukuza maharamia wa Kifranki na Kisaksoni, akashtakiwa kwamba huwaacha kwanza wateke nyara, kisha huwakamata na kuzifanya nyara hizo mali yake. Na kaisari Maximian alipoamuru auawe, yeye, mnamo mwaka 286, alijitangaza kuwa kaisari, akaitawala Britania pamoja na sehemu ya Gaul ya kaskazini. Haraka ya siku zake za mwanzo ingali ikionekana, kwa kuwa baadhi ya sarafu zake ziligongwa juu ya sarafu za watawala waliotangulia pasipo kuyeyushwa, hata ukiilaza moja katika mwanga utokao ubavuni waweza kuona, karibu na shingo yake nene, ncha za taji la mtu mwingine na vipande vya jina lake. Mabaki hayo hayaifanyi kuwa aina mpya, walakini asiyeyaandika katika maelezo yake ameacha nusu ya habari.

Alipoimarika aligonga dinari za fedha njema, wakati ambapo sarafu iliyohesabiwa kuwa ya fedha kwingineko katika dola ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo. Chini ya mstari, katika nyingi za dinari hizo, mna herufi RSR, ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa ni kifupisho cha cheo cha mkuu wa hazina. Mwaka 1998 mwanahistoria Mwingereza Guy de la Bédoyère alizilinganisha na herufi INPCDA zilizomo katika nishani ya Carausius iliyohifadhiwa British Museum, akaonyesha kwamba zote ni herufi za mwanzo za maneno yanayofuatana katika utenzi wa nne wa Eclogae za mshairi Virgil, mahali panaposimuliwa kurejea kwa zama za neema. Basi yule aliyeitwa haramia na maadui zake alikuwa akijitangaza kuwa mrejeshaji wa Roma yenyewe, tena kwa ishara ambayo msomi wa Kilatini pekee angeifumbua! Mimi nashikilia kwamba hakuna hotuba ya zama hizo ituonyeshayo fikira zake kwa uwazi kama herufi hizo tatu.

Hapana budi kupambanua. Herufi iliyopinduka kwa kuteleza kwa mkono wa mchonga mihuri ni kosa la fundi, na anayeihesabu kuwa aina ya pekee hujaza daftari bure. Mtu angeweza kudhani hivyo hivyo juu ya G ya tatu katika maneno PAX AVGGG ya sarafu za Carausius, maana Augusto mmoja, yaani kaisari, huandikwa AVG, na wawili AVGG. Ila G hiyo hurudiwa katika sarafu nyingi, nayo yaonekana hata katika sarafu zenye majina na vichwa vya makaisari wenzi Diocletian na Maximian, zilizo na alama ML ya London. Sarafu hizo, ingawa zimebeba sura za wengine, huorodheshwa chini ya Carausius, kwa kuwa ndiye aliyezigonga alipotaka kuhesabiwa kuwa wa tatu wao. Tena ipo sarafu yenye vichwa vitatu vilivyopangwa pamoja, na maneno CARAVSIVS ET FRATRES SVI, yaani Carausius na ndugu zake. Ndugu hao hawakumjibu: viwanda vyao vya bara havikugonga sarafu kwa jina lake. Mwaka 293 aliuawa na Allectus, mtumishi wake mwenyewe, aliyeshika mahali pake. Na katika sarafu za amani za Allectus, zenye alama ile ile ya London, huandikwa PAX AVG, kwa G moja.