Jifunze Kwanza Maneno ya Hasara

Alhamisi ya tarehe 15 Januari 2015, mnamo saa sita unusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Benki Kuu ya Uswisi ilitoa tangazo fupi lililoshtua masoko ya dunia. Tangu Septemba 2011 benki hiyo ilikuwa imeahidi kwamba euro moja haitashuka chini ya faranga 1.20 za Uswisi, na kila bei ilipokaribia hapo ilinunua euro kwa wingi ili kuizuia. Siku hiyo ikaiacha ahadi hiyo. Dakika chache baadaye euro ilikuwa chini ya faranga moja.

Watu wengi waliofanya biashara ya fedha mtandaoni walikuwa wamenunua euro juu kidogo ya 1.20, kwa hoja iliyoonekana haina kasoro: bei haiwezi kwenda chini zaidi, benki kuu imesema. Tena walinunua kwa nguvu ya kukopa kutoka kwa madalali wao. Ilipofika jioni, baadhi ya akaunti zilikuwa zimepita sifuri na kuwa deni. FXCM, mmoja wa madalali wakubwa, ilitangaza kwamba wateja wake walibaki wakidaiwa takriban dola milioni 225, ikaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300. Alpari UK, kampuni ambayo wapenzi wa soka walizoea kuliona jina lake kifuani mwa jezi za West Ham, ilifilisika.

Karibu kila neno ambalo mfanyabiashara mchanga anapaswa kulijua limo ndani ya kisa hicho. Bahati mbaya ni kwamba wengi wanaoanza leo, simu mkononi, hufundishwa kwanza maneno ya faida: lengo, ishara ya kununua, mshumaa wa kijani. Yale yanayoeleza jinsi pesa inavyopotea huachwa mpaka yajieleze yenyewe.

La kwanza ni spredi. Fedha za kigeni huuzwa kwa jozi, yaani moja hupimwa kwa nyingine, na kila jozi ina bei mbili kwa wakati mmoja. Hilo halihitaji shule. Yeyote aliyesimama mbele ya ubao wa duka la kubadilisha fedha Dar es Salaam au Mombasa ameziona safu mbili: bei ambayo duka linanunua dola, na bei ya juu kidogo ambayo linaziuza. Ukinunua dola na kuzirudisha dirishani papo hapo, unatoka na shilingi pungufu. Kwenye simu ni vivyo hivyo. Jozi ya euro na dola ikionyesha 1.0850 na 1.0852, anayenunua analipa 1.0852, na akitaka kuuza sekunde hiyo hiyo anapewa 1.0850. Tofauti hiyo ndiyo spredi, na ndiyo sababu kila biashara mpya huanza na alama ya kutoa.

Tofauti hiyo ya 0.0002 huitwa pipu mbili. Pipu ni hatua moja kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta. Kwa jozi zenye yeni ya Japani, huhesabiwa kwenye tarakimu ya pili. Thamani ya pipu inategemea loti, yaani ukubwa wa biashara. Loti kamili ni euro 100,000, na hapo pipu moja ni dola 10. Loti ya maikro ni euro 1,000, na pipu yake ni senti 10 za dola. Anayefungua biashara bila kujua pipu moja inamgharimu kiasi gani hajui anacheza na nini.

Sasa tufike kwenye levareji, neno linalotangazwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Levareji ni nguvu ya kushika biashara kubwa kuliko mtaji uliopo. Ikiwa 1:400, mwenye dola 100 anaweza kushika biashara ya dola 40,000. Marjini ndiyo sehemu ya pesa yake ambayo dalali anaishikilia kama dhamana wakati biashara iko wazi.

Tuseme msichana mmoja ameweka dola 100, levareji ni 1:400, na ananunua euro 30,000 kwa 1.0852, yaani loti 0.3. Marjini inayoshikiliwa ni dola 81 na senti 39. Kila pipu sasa ni dola 3. Spredi ya pipu mbili imekwisha kula dola 6 kabla bei haijasogea, kwa hiyo akaunti ina thamani ya dola 94. Hata hivyo, sehemu iliyoandikwa salio bado inasoma 100, kwa sababu salio halibadiliki mpaka biashara ifungwe, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Namba ya kuangalia ni ile ya thamani ya akaunti, inayopanda na kushuka kila sekunde.

Madalali wengi hufunga biashara kwa nguvu thamani hiyo inapoporomoka hadi nusu ya marjini. Kwake nusu ni kama dola 40 na senti 70. Bei ikishuka pipu 18 tu, thamani ya akaunti inafika dola 40, na mfumo unaifunga biashara bila kumwuliza. Euro inaweza kusogea pipu 18 asubuhi moja ya kawaida, hata pasipo habari yoyote kubwa. Huenda ikapanda tena baada ya chakula cha mchana na kumthibitisha kwamba alikisia sawa, lakini hayumo tena sokoni. Kama angenunua loti moja ya maikro, pipu hizo hizo 18, pamoja na spredi, zingemgharimu dola 2.

Walimu wa mitandaoni hujibu kwamba kinga ipo, nayo ni stoplosi: agizo linalofunga biashara yenyewe bei ikifika mahali palipochaguliwa. Ni kinga ya kweli, na anayefanya biashara bila hiyo anajitafutia balaa. Ila ina mpaka wake, na Uswisi iliuonyesha. Mtu aliyenunua loti kamili ya euro kwa faranga 1.2010 na kuweka stoplosi kwenye 1.1990 aliamini kwamba hasara yake kubwa kabisa ni pipu 20, yaani faranga 200. Lakini stoplosi si bei ya uhakika. Ni ombi la kuuza kwa bei inayofuata iliyopo, na siku hiyo pale 1.1990 hapakuwa na mnunuzi. Wala 1.15. Aliyepata kuuza kwa faranga moja alipoteza faranga 20,100. Kuteleza kwa bei namna hii hutokea pale ukwasi unapokauka, yaani wanunuzi na wauzaji wanapotoweka kwa pamoja.

Ukwasi huo ni jambo la kutazamwa hata karibu na nyumbani. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zipo kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku bila kuuzwa hata moja. Huko ni busara kutumia agizo lenye kikomo cha bei, linalomwambia dalali asinunue juu ya kiasi fulani, kuliko agizo la kununua kwa bei yoyote iliyopo.

Hisa pia zinaonyesha vizuri zaidi levareji inafanya nini. Safaricom iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Aliyelipa taslimu aliumia moyo, lakini hisa zake zilibaki zote, akaendelea kupokea gawio, na mwaka 2021 akaziona zikipita shilingi 40. Zimeshuka na kupanda tena tangu hapo, naye bado ana uhuru wa kungoja. Ambaye angezinunua kwa levareji ya 1:5 angefutwa na anguko la asilimia 20 tu, mapema kabisa, na safari yote iliyofuata isingemhusu.

Wasimamizi wa masoko wameliona hilo. Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya, ESMA, ilitaja kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo kwenye biashara za aina hii hupata hasara. Ikaweka kikomo cha levareji cha 1:30 kwa jozi kuu za fedha, ikaamuru biashara zifungwe thamani ya akaunti inapofika nusu ya marjini, na ikapiga marufuku mteja mdogo kudaiwa zaidi ya alichoweka. Marekani kikomo ni 1:50. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2017 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inaruhusu hadi 1:400. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na mwanzoni mwa safari hakuna anayelazimishwa kuitumia yote. Akaunti nyingi humruhusu mteja kuchagua kiwango cha chini.

Kanuni hizo za Kenya zinamgawa pia dalali katika makundi. Wapo wanaounganisha tu oda za wateja na soko, na wapo wanaoruhusiwa kusimama upande wa pili wa biashara wao wenyewe, hivyo mteja anapopoteza, wao wanaweza kuwa ndio wanaopata. Si kosa kisheria, lakini mteja ana haki ya kujua anashughulika na nani. Orodha ya wenye leseni huchapishwa na mamlaka yenyewe. Tanzania, kwa hisa na hatifungani, mahali pa kuuliza ni CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Jina la kampuni kwenye orodha linapaswa kuwa lile lile lililo kwenye mkataba wa akaunti na kwenye namba inayopokea malipo. Wakala anayeomba pesa ya mtaji itumwe kwenye simu yake binafsi si dalali, hata awe na chati nzuri kiasi gani.