Mota ya Gramafoni na Santuri Zetu

Katika baadhi ya nyumba za Mbulu na Hanang bado zimo santuri za wazee. Nyingine zina sauti ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Santuri kama hiyo ikiharibika, mwenyewe hayupo kuimba upya. Basi tuone mota ya gramafoni ya umeme inavyoweza kuidhuru.

Mota iko ndani ya boksi, chini ya sinia linalobeba santuri. Ikifanya kazi hupata joto. Santuri ya plastiki huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Mota nzima haipashi sinia kiasi hicho. Lakini mota iliyokauka mafuta huzunguka kwa shida, na joto lake huzidi. Kwa hiyo mkimaliza kusikiliza, ondoeni santuri. Tena tusiisingizie mota kila kosa! Jua la dirishani hupinda santuri haraka zaidi. Msidanganyike na baridi ya Mbulu. Kitu cheusi kikikaa juani hupata moto upesi.

Sisi tunaona jambo kubwa ni mtetemeko. Ukisimama karibu na mashine ya kusaga, miguu huhisi ardhi inatetemeka. Mota nayo hutetemesha boksi, boksi hutetemesha sinia, mpaka kwenye sindano. Wimbo umechorwa katika mfereji mwembamba kama unywele. Sindano haijui kipi ni wimbo na kipi ni mtetemeko wa mota. Vyote hupelekwa kwenye spika. Ndiyo maana mnasikia ngurumo chini ya gitaa.

Mota hukalia vipande vya mpira vya kupunguza mtetemeko. Miaka ikipita, mpira huwa mgumu kama pembe. Ubadilishwe. Angalieni pia kigurudumu cha mpira kinachozungusha sinia. Mtu akichomoa waya tu bila kurudisha swichi, kigurudumu hubaki kimebanwa. Kikikaa hivyo miezi, hubonyea upande mmoja. Siku mkiwasha, ni du, du, du.

Chomoeni waya wa umeme kwanza, ndipo mfungue boksi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa mota latosha. Yasiguse mpira, utateleza. Spika nayo isikae meza moja na gramafoni.

Na ile sarafu juu ya mkono wa sindano, iondoeni. Watu huiweka ili sindano isiruke. Kweli haitaruka, lakini itakwangua mfereji, na kila mkiicheza santuri hiyo sauti ya Mbaraka itazidi kufifia.