Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Wanaojitolea: Vipi Jumuiya Zetu Zitadumu Nao?

Jumuiya nyingi za Unguja na Pemba huwatafuta wanafunzi wa vyuo vikuu Ramadhani inapokaribia: kufunga vyakula, kugawa futari, kuandikisha mayatima. Ikishapita Idi, simu hunyamaza. Mwaka wa pili vijana wale hawaonekani, nasi husema vijana wa leo hawana moyo. Mara nyingi moyo wanao. Kilichokosekana ni uhusiano. Anayeumia ni mtoto aliyezoea darasa la hesabu la jioni, kisha siku moja akakuta mlango umefungwa.

Kwanza, tujue ratiba yao. Muhula una mitihani, na likizo ina boti ya kurudi Pemba. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani husogea, na miaka mingine huangukia wakati wa mitihani. Bora saa mbili kwa wiki zinazotekelezeka kuliko ahadi kubwa isiyotimia. Na kila darasa liwe na walimu wawili, mmoja akiwa na udhuru mwengine ashike.

Pili, nauli. Kijana anajitolea muda na elimu yake, si fedha yake ya chakula. Anayetoka Tunguu au Chukwani kuja Mjini arejeshewe nauli, na iwemo katika bajeti. Lakini mchango uliotolewa makhsusi kwa mayatima usiguswe bila ya ridhaa ya mtoaji. Hiyo ni amana.

Tatu, wapewe kazi yenye maana. Anayesomea uhasibu asaidie hesabu za jumuiya chini ya msimamizi, asiishie kupanga viti. Kisha aelezwe kazi yake imeleta faida gani.

Nne, wazazi. Mzazi, hasa wa binti, ana haki ya kujua mwanawe anakwenda wapi, nani msimamizi, na atarudi saa ngapi. Mzazi akiridhika, kijana hudumu.

Mwisho, akihitimu apewe barua ya kueleza alichokifanya, bila ya kuzidisha, kwani barua ni ushahidi. Na atafutwe hata kusipokuwa na kazi: akifiwa apewe pole, akioa au kuolewa apongezwe. Mwanafunzi wa leo ndiye mwalimu, daktari na mjumbe wa kamati wa kesho.

Allah Atujaalie ikhlasi na kudumu katika kheri. Wabillahi Tawfiq.