Chupa ya babu ina umri gani? Soma mshono, kitako na mdomo

Kwetu Wamaza nyumba nyingi hazina tena makaratasi ya zamani. Vita, moto na mchwa vimekula vyeti na barua. Lakini chupa zimebaki: moja inawekwa mawese, ingine asali, ingine iko tu chini ya kitanda. Babu yangu aliniachia tatu. Ningependa tujue kuzisoma kabla mtu hajapita kuzinunua kwa bei ya bure.

Anza na mshono. Chupa nyingi zilipulizwa ndani ya kalibu ya vipande, na pale vipande vinakutana panabaki mstari mwembamba. Pitisha ukucha toka chini. Kama mstari unakatika shingoni, fundi alimalizia mdomo kwa mkono. Kama unapanda mpaka juu kabisa ya mdomo, ni kazi ya mashine, na karibu hakika ni ya karne ya 20. Mmarekani Michael Owens alifaulisha mashine yake ya chupa mwaka 1903. Toka pale kazi ya mkono ikazidi kupungua.

Geuza kitako. Kovu la mviringo lenye kukwaruza ni alama ya fimbo ya chuma ambayo fundi alishikia chupa. Mara nyingi hiyo ni ya kabla ya miaka ya 1870.

Angalia mdomo. Ukiwa na ukingo wa kushika kifuniko cha bati, kama cha bia, chupa si ya kabla ya 1892, mwaka William Painter alipopata hati ya kifuniko hicho.

Kisha maandishi. « Congo Belge » ni kati ya 1908 na 1960. « Léopoldville » ni jina la kabla ya 1966, mji ulipoitwa Kinshasa. « Zaïre » kama jina la nchi ni 1971 mpaka 1997.

Sasa, chupa yangu moja ya kijani, wazee wa nyumba wanasema ni ya wakati wa Tippu Tip. Lakini mshono wake unapanda mpaka juu, na Tippu Tip aliondoka huku mwaka 1890. Je, wazee wamesema uongo? Hapana. Chupa inapasuka, ingine inachukua nafasi yake, habari inabaki ileile. Habari inaweza kuwa ya zamani kuliko kioo. Na kioo nacho kinaweza kufika kijijini miaka mingi kisha kutengenezwa, maana chupa zilijazwa tena na tena. Alama zinakuambia chupa ilizaliwa lini, hazikuambii nani aliileta. Hilo wanalijua wazee peke yao, na wazee wanatuaga.

Kwa hiyo usiende kumwambia bibi « umekosea ». Muulize: « Bibi, hii ilitoka wapi? Ilikuwa inawekwa nini? » Andika jibu lake na alama ulizoona kwenye daftari moja. Osha chupa na maji ya vuguvugu, bila mchanga. Usiweke kitu cha kunywa ndani, kwani hujui ilibeba dawa gani.

Nyumbani kwenu kuna chupa gani? Piga picha ya kitako na mdomo, tuisome pamoja.