Kushinda Kesi, Kukosa Malipo

Kwa miaka mingi, mfanyakazi wa Uingereza aliyeachishwa kazi au kudhulumiwa mshahara alipeleka shauri lake kwenye baraza la ajira bila kulipa hata senti. Julai 2013 serikali ikaweka ada. Kudai mshahara uliozuiwa kukagharimu paundi 390 mpaka shauri lisikilizwe. Aliyefukuzwa isivyo halali au kubaguliwa alitakiwa kutoa paundi 1,200: 250 za kufungua shauri na 950 za kusikilizwa.

Mashauri yalishuka kwa takriban theluthi mbili.

Serikali ilidhani ada zingechuja madai yasiyo na msingi, lakini kiwango cha mashauri yaliyoshinda hakikupanda. Waliochujwa ni watu wenye madai madogo. Sheria humpa mfanyakazi anayepita saa sita kazini dakika 20 za kupumzika. Nani angetoa mamia ya paundi kupigania dakika hizo, ilhali akishinda huenda asiambulie fedha yoyote?

Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilikwenda mahakamani, kikashindwa Mahakama Kuu, kikashindwa tena Mahakama ya Rufani, na hakikukata tamaa. Tarehe 26 Julai 2017 majaji saba wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwa kauli moja kwamba ada zile hazikuwa halali. Jaji Reed alikumbusha kesi ya mwaka 1932 ya mwanamke wa Scotland aliyekuta mabaki ya konokono kwenye chupa ya kinywaji. Kesi ya mtu mmoja ilijenga kanuni ya uzembe inayowalinda watumiaji wa bidhaa mpaka leo. Hivyo anayefungua shauri huwasaidia pia wasiowahi kukanyaga mahakamani. Serikali ililazimika kurudisha ada ilizokusanya.

Mlango ukafunguka. Kasoro ikabaki upande wa pili, kwenye kukazia hukumu.

Utafiti wa serikali wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 49 tu ya walioshinda walilipwa fedha zao zote. Asilimia 35 hawakupata chochote. Mara nyingi kampuni ilikuwa imefilisika au kufungwa. Baraza lenyewe halikamati mali ya mdaiwa. Mshindi ndiye anayeanza upya, akaombe mahakama nyingine itume maofisa wa kukusanya deni. Tangu 2016 mwajiri mkaidi anaweza kutozwa faini, lakini faini hiyo huingia hazina ya serikali, si mfukoni mwa mfanyakazi.

Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 2025 inalenga pengo hilo. Imeanzisha Wakala wa Kazi ya Haki, unaounganisha ukaguzi wa kima cha chini cha mshahara, mawakala wa ajira na wasambazaji wa vibarua, na kuupa uwezo wa kufungua mashauri kwa niaba ya mfanyakazi. Muda wa kufungua shauri nao unaongezwa kutoka miezi mitatu hadi sita.

Hatua hizo ni njema, ila wakala bila wakaguzi wa kutosha utakuwa jina tu. Jambo la kwanza la kurekebisha ni rahisi: mwajiri anapokamuliwa kwa nguvu ya dola, fedha zimfikie kwanza mfanyakazi anayemdai, ndipo hazina ichukue faini yake.