Dau la Mshindi na Bei Iliyojificha Ndani ya Odi

Dau la mshindi ndilo jepesi kuliko yote katika kubashiri michezo: mtu huchagua nani atashinda, basi. Tofauti ya mabao au pointi haihesabiwi, hivyo ushindi wa 1-0 hulipa sawa na wa 6-0. Marekani, ambako huitwa manilaini, dau hili limezoeleka zaidi kwenye besiboli, magongo ya barafuni na ndondi. Kwenye mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani, ambako pointi ni nyingi, wengi hubashiri tofauti ya pointi.

Kwa kuwa wanaopambana hawalingani uwezo, malipo nayo hayalingani. Wamarekani huyaandika kwa alama za kutoa na kujumlisha, kipimo kikiwa dola 100. Timu yenye -150 inadai dau la dola 150 ili ilete faida ya dola 100. Mpinzani mwenye +130 huleta faida ya dola 130 kwa dau la dola 100. Afrika Mashariki viwango hivi vya malipo, yaani odi, huandikwa kwa desimali, na dau limeshajumlishwa humo: -150 ni kama 1.67, na +130 ni 2.30. Aliyeweka shilingi 1,000 kwenye 2.30 akishinda hupokea 2,300 kabla ya kodi, lakini faida ni 1,300 tu. Wengi hukosea hapa, wakaona kiasi chote kilichoingia kwenye simu ni faida.

Mfano unaokumbukwa sana wa odi kubwa ni pambano la ndondi la Mike Tyson na Buster Douglas, Tokyo, tarehe 11 Februari 1990. Kasino ya Mirage ya Las Vegas ilimpa Douglas odi ya 42 kwa 1 (faida ya dola 42 kwa dau la dola 1), yaani nafasi inayokaribia asilimia 2.3. Douglas alimwangusha Tyson katika raundi ya 10. Nafasi ndogo bado ni nafasi.

Sare ndiyo inayotenganisha dau la Kimarekani na mkeka, yaani tiketi ya kubashiri, wa soka. Besiboli na kikapu huendelea mpaka mshindi apatikane, na muda wa nyongeza unahesabiwa. Futiboli ya Kimarekani inaweza kuishia sare kwenye msimu wa kawaida, na hapo kwa desturi dau hurudishwa. Soka lina machaguo matatu: 1 kwa timu ya nyumbani, X kwa sare na 2 kwa wageni. Tena hesabu hufungwa baada ya dakika 90 na zile za majeruhi. Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022 ilionyesha uzito wa kanuni hii. Argentina iliongoza 2-0 hadi dakika ya 80, Mbappé wa Ufaransa akafunga mawili ndani ya dakika mbili, na dakika 90 zikaisha 2-2. Argentina ilibeba kombe kwa penalti, lakini aliyekuwa ameipa ushindi wa kawaida mkeka wake ulichanika; X ndiyo iliyolipwa. Aliyebashiri nani atatwaa kombe, dau la machaguo mawili tu, alilipwa kwa Argentina.

Jambo zito kuliko yote halionekani kwenye karatasi wala kwenye simu. Odi si utabiri mtupu. Ni bei, na ndani ya bei kuna faida ya muuzaji. Tuseme mechi ina odi za 1.80 kwa wenyeji, 3.50 kwa sare na 4.50 kwa wageni. Mtu akitaka kupokea shilingi 100,000 kwa matokeo yoyote, itambidi aweke 55,556 kwa wenyeji, 28,571 kwa sare na 22,222 kwa wageni. Jumla ni 106,349. Hakubahatisha chochote, na bado amepoteza zaidi ya 6,000. Kila mtu mwenye mkeka anaweza kufanya hesabu hii: gawa 100 kwa kila odi, kisha jumlisha. Kinachozidi 100 ndicho kipande cha kampuni. Kwa -150 na +130 za mfano wa mwanzo, jumla ni kama 103.5, kwa hiyo makato yake ni madogo kuliko ya mechi hii.

Makato ya mechi hiyo ya machaguo matatu huacha wastani wa shilingi 94 katika kila 100 zinazowekwa. Mkeka wa mechi nyingi huzidisha odi, na kwa hesabu ile ile huzidisha makato. Mechi 10 zenye makato kama hayo hubakiza wastani wa shilingi 54 tu katika kila 100. Ushindi mnono unaotangazwa kwa mikeka mirefu ni wa kweli kwa wachache wanaoupata, lakini kila mechi inayoongezwa kwenye mkeka huongeza pia sehemu inayobaki kwa kampuni, hata pale mbashiri anapoijua timu yake vizuri.